Bastola ya bei chee humlinda nani?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Juzi baada ya sala ya isha nilikuwa nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa. Akaja jirani yangu mmoja, mtu wa makamo, mwenye duka lake la rejareja hapa hapa Mji Mkongwe. Si mtu wa maneno mengi. Duka lake limevunjwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara ya pili wezi walimkuta mwenyewe ndani anahesabu mauzo ya siku. Walimwekea panga shingoni mbele ya mwanawe wa miaka tisa. Fedha walizochukua hazikuwa nyingi, lakini mtoto mpaka leo hataki kulala peke yake.

Alikaa, akanywa kahawa yake, kisha akaniambia: "Sheikh wangu, nataka nikuulize neno, na tafadhali usinicheke. Hizi bastola za bei ndogo, zile za kuzunguka, zinafaa? Mimi sitaki ya magendo, nitakwenda polisi kuomba kibali kama sheria inavyotaka. Lakini bastola nzuri naambiwa bei yake haishikiki. Ya bei chee ipo. Sasa nakuuliza, siku ya siku itanifaa, au itaniaibisha?"

Sikumcheka. Mtu aliyewekewa panga shingoni mbele ya mtoto wake hachekwi. Nilimwomba anipe siku chache nisome na nifikiri, na leo ndiyo namjibu. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili, namjibu mbele yenu nyote.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Bastola ya kuzunguka, ambayo wengi huiita rivolva, ina silinda yenye matundu, mara nyingi matano au sita, na kila tundu linakaa risasi moja. Ukivuta kifyatulio, silinda inazunguka, tundu moja linakuja kusimama nyuma ya mtutu, nyundo inaanguka, risasi inatoka. Watu huisifu kwa sababu haina mambo mengi. Risasi moja ikikataa, unavuta tena na nyengine inakuja. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni sifa ya rivolva iliyotengenezwa vizuri.

Chombo hiki kinatakiwa kitimize mambo matatu. La kwanza, kipige pale unapotaka kipige. Springi ikiwa dhaifu, nyundo haigongi kwa nguvu ya kutosha, na unasikia "ta", basi, hakuna kitu. La pili, tundu la silinda lisimame sawasawa na mtutu, bila ya kupishana hata kidogo. Chuma kikiwa laini na kazi ikiwa ya haraka haraka, baada ya risasi chache silinda inaanza kulegea. Hapo risasi inakwaruza ukingo wa mtutu, na vipande vya madini vinaruka pembeni, vinaweza kumpata mpigaji mwenyewe au mtu aliyesimama ubavuni kwake. La tatu, na hili ndilo watu hulisahau, kisipige pale usipotaka kipige. Katika rivolva za kale, ncha ya nyundo ilikuwa inalala juu ya risasi, kwa hivyo bastola ikianguka sakafuni iliweza kulia yenyewe. Ndiyo maana wenye hadhari walikuwa wakiacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Viwanda vizuri vimelijua tatizo hilo tokea mwisho wa karne ya 19, vikaweka kipande cha chuma cha kuzuia. Katika bastola ya bei chee, kipande hicho ama hakimo, ama kimo lakini cha kubahatisha.

Je, kila bastola ya bei ndogo ni mbovu? Hapana, tuseme kweli. Zipo zilizo rahisi kwa sababu tu hazikung'arishwa, au ni za mtindo wa zamani, na ndani kazi yake ni safi. Na zipo za ghali zilizotoka kiwandani na ila. Kinachoifanya silaha iaminike ni kujaribiwa, wala si bei. Wazungu walijifunza hilo kwa vidole vyao. Mji wa London ulianza kujaribu mitutu katika karne ya 17, na Birmingham ikafungua nyumba yake ya kujaribia mwaka 1813. Mtutu unatiwa baruti kupita kipimo cha kawaida, unapigwa, na ukisalimika ndipo unagongwa muhuri. Usiposalimika, umepasukia pale na si mkononi mwa mnunuzi.

Sasa wewe, ndugu yangu mwenye duka, utaijaribu wapi? Hata ukipata yenye muhuri, mtu hawezi kuiamini bastola mpaka awe ameipiga yeye mwenyewe mara nyingi, siku tofauti, kwa risasi zile zile anazokusudia kuziweka nyumbani. Risasi ni fedha, mwalimu ni fedha, na kabati la chuma la kuifungia watoto wasiifikie ni fedha. Halafu ipo hewa yetu. Sote tunajua chumvi ya bahari inavyokula chuma hapa Unguja. Kufuli la mlango halimalizi masika mawili bila ya kutu, baiskeli hali kadhalika. Bastola iliyotiwa mafuta vibaya na kufichwa chini ya godoro itakuwaje? Fundi wa saa tunamjua, fundi wa cherehani tunamjua. Fundi wa bastola utampata barabara gani? Ukizijumlisha gharama zote hizi, ile bei chee inakuwa ni kishika uchumba tu, na mahari yenyewe bado.

Hayo ni ya chombo. Lakini ndugu wasikilizaji, sisi watu wa Unguja tuna sababu nyengine ya kulijua jambo hili kuliko watu wengi, kwa sababu mji huu uliwahi kuwa duka kubwa la bunduki rahisi kwa Afrika Mashariki nzima.

Mwezi Septemba mwaka 1833, kule Maskati, Seyyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ulioletwa na mjumbe wao Edmund Roberts. Mkataba uliwaruhusu Wamarekani kuuza na kununua katika bandari zote za Seyyid. Lakini ndani yake mlikuwa na sharti moja: bunduki, baruti na risasi, zikifika katika kisiwa cha Unguja, ziuzwe kwa serikali peke yake. Katika bandari zake nyengine zote, vitu hivyo hivyo ruhusa kumuuzia yeyote atakayetoa bei kubwa.

Tulifikiri vizuri sharti hili. Mtawala mwenyewe aliona faida ya biashara ya silaha, na hakuikataa. Ila hakutaka silaha hizo zisambae pale alipolala yeye na watoto wake. Ziende kwa wengine. Mtu hawezi kupata ushahidi bora kuliko huu wa mwenye kujua bidhaa yake.

Na bidhaa ilikwenda kweli. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia baruti kwa mbele, yakachukua zile za kutia risasi kwa nyuma. Bunduki kuukuu zikabaki maghalani kwa maelfu, na wafanyabiashara wakazitafutia soko. Soko moja likawa hapa petu. Wazee wetu walizipa majina: gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe, korofindo, na gobore, jina ambalo mpaka leo bara wanalitumia kwa bunduki za kushindilia. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, aliikadiria serikali yake kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Na hesabu hiyo ni ya mwaka mmoja tu.

Zilikuwa bunduki za namna gani? Nyingi zilikuwa mbovu. Gumegume ikipata mvua ilikuwa haina tofauti na rungu. Mwenye kupenda kishindo aliishindilia baruti kupita kiasi, na mtutu ukampasukia mkononi. Wengine walizoea kupiga huku wamegeuza uso pembeni, na utalenga vipi shabaha hujaitazama? Kwa mwindaji aliyetegemea nyama ya jioni, au mkulima aliyetaka kulilinda shamba lake na nguruwe, ilikuwa silaha ya bahati nasibu.

Lakini bunduki hizo hizo mbovu zilitosha kabisa kwa kazi nyengine. Zilitosha kuvamia kijiji alfajiri. Ukiwa na watu 100 wenye magobore, hata 30 yakikataa kulia, 70 yanatosha kuwatawanya watu waliolala. Bunduki ziliondoka bandarini petu kwenda bara, na wengi wa waliokamatwa kwa nguvu ya bunduki hizo waliletwa kuuzwa Mkunazini, mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873. Basi tusiseme silaha mbovu haina madhara. Silaha mbovu humsaliti anayejilinda, kwa sababu yeye ana nafasi moja tu. Mvamizi haimsaliti sana, kwa sababu yeye ndiye anayechagua saa, mahali na mtu.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakatia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na humo wakazuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida, ziliachwa. Maana yake, ile nzuri ibaki kwa mtawala na ile mbovu auziwe raia. Nani alipata usalama kwa mpango ule, historia imejibu.

Tuyaache ya zamani, twende kwenye rivolva yenyewe ya siku hizi. Nchi iliyoijaribu bastola ya bei chee kuliko nchi zote ni Marekani. Kule wana hata jina la dhihaka kwa bastola ndogo za namna hiyo, wakiziita za usiku wa Jumamosi.

Tarehe 30 Machi 1981, mjini Washington, kijana mmoja alimpiga risasi Rais Ronald Reagan. Silaha yake ilikuwa rivolva ndogo ya RG, aliyoinunua katika duka la rehani kwa bei isiyofika dola 50. Alifyatua risasi zote sita ndani ya muda usiozidi sekunde mbili, kwa masafa ya hatua chache. Sasa sikilizeni matokeo. Hakuna hata risasi moja iliyompata Rais moja kwa moja. Iliyomjeruhi ilikuwa imegonga kwanza gari lake, ikaruka, ikamwingia ubavuni. Lakini watu wengine watatu walipigwa: askari polisi, mlinzi wa Rais, na msemaji wake James Brady, aliyepigwa kichwani na kuishi na ulemavu mpaka alipofariki mwaka 2014.

Mtaalamu wa silaha angeweza kusema bastola ile ilikuwa duni, na mpigaji hana shabaha. Sawa. Lakini waliolala chini walikuwa wanne. Hebu lihamishie jambo hilo katika vichochoro vyetu vya Kiponda au Malindi, ambako mtu akinyoosha mikono anagusa kuta za pande zote mbili. Risasi iliyomkosa mwizi itagonga ukuta wa mawe na chokaa, kisha itakwenda wapi? Dirisha la kwanza ni la jirani. Barazani wamekaa wazee.

Mwaka huo huo wa 1981, katika jimbo la Maryland, mfanyakazi wa duka la chakula alijeruhiwa kwa risasi na jambazi. Bastola iliyotumika ilikuwa rivolva ya kampuni ile ile ya RG. Mfanyakazi huyo hakumtafuta jambazi; aliishitaki kampuni. Kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 1985 mahakama ikaamua kwamba watengenezaji na wauzaji wa bastola za aina hiyo wanaweza kubebeshwa dhamana. Majaji walieleza kwamba bastola hizi fupi, nyepesi, za malighafi duni, hazina shabaha wala hazitegemeki, na kwa hivyo karibu hazina kazi kwa polisi, wala kwa michezo, wala kwa mtu anayetaka kujilinda yeye na biashara yake. Ila zinampendeza mhalifu, kwa kuwa ni rahisi kununua na rahisi kuficha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1988, jimbo likatunga sheria nyengine: likaondoa dhamana ile ya watengenezaji, na badala yake likaunda bodi ya kuorodhesha bastola zinazoruhusiwa kuuzwa. Mambo yote hayo yamefanyika katika nchi inayozipenda bunduki kuliko zote.

Ndugu yangu mwenye duka, naona jibu la swali lako limo humo. Umeniuliza kama bastola ya bei chee inaaminika. Inategemea nani ameishika. Kwa mwenye nia mbaya inaaminika vya kutosha, kwa sababu yeye anahitaji kutisha tu, na mdomo wa mtutu unatisha hata kama ndani yake ni mbovu. Kwa wewe unayengoja kushitukizwa, usiku, mkono unatetemeka, mtoto yuko chumba cha pili, haiaminiki.

"Basi nitafute fedha ninunue ya ghali?" Najua utaniuliza hivyo. Nakuomba ukumbuke na hili. Silaha haina utii wa damu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, wengi wa waliokwenda kuivamia bohari ya silaha ya polisi pale Ziwani walikuwa na mapanga, mashoka na pinde. Kulipopambazuka, bunduki za serikali ziko mikononi mwao. Hapa sizungumzii siasa ya siku ile, kila mmoja ana yake ya kusema. Nazungumzia bunduki tu. Ikiwa ghala la dola lilibadilisha wenyewe ndani ya usiku mmoja, bastola iliyomo mtotoni mwa meza ya duka itasimama upande wako kwa kiapo gani? Mwizi akijua unayo, kitu cha kwanza atakachokitaka si fedha tena. Na wewe mwenyewe umenihadithia kwamba panga lilikuwa limekwisha kufika shingoni kabla hujageuka. Katika nafasi ile, bastola ya ghali na ya rahisi zingekuwa sawa: zote zingekuwa mezani.

Na kama kuna atakayekunong'oneza kwamba anayo moja isiyo na karatasi, mkimbie. Hiyo haina muhuri wala historia, na pengine ina damu ya mtu usiyemjua. Kuwa nayo bila ya leseni ni kosa kubwa, na mara kadhaa serikali imetoa muda wa msamaha watu wazisalimishe kwa hiari. Kila silaha iliyorudishwa ni moja iliyopungua vichochoroni.

Sasa nitakuwa sijafanya kitu nikikukataza hiki bila ya kukupa kile. Kwa sehemu ya fedha ulizokusudia kununulia bastola, badilisha mlango wa nyuma, ule wa mbao laini ambao wezi waliupiga teke mara moja. Wazee wetu walijenga milango ya mbao ngumu yenye misumari ya shaba na komeo la ndani, walijua wanachokifanya. Weka taa kichochoroni, na ongea na jirani wa mbele naye aweke yake. Acha kuhesabu mauzo usiku mlango ukiwa wazi. Nenda kwa sheha, waite wenye maduka wenzako wa mtaa mzima, muwe na zamu ya ulinzi inayojulikana na kituo cha polisi. Na polisi, kwa upande wao, wakipigiwa simu saa tano ya usiku waje saa tano ya usiku. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu mtu mwema hafikirii kununua bastola mpaka awe amekata tamaa ya kusaidiwa. Wenye mamlaka wasipolijua hilo, watawalaumu wananchi kwa kosa ambalo nusu yake ni lao.

Nilimsomea jirani yangu mazungumzo haya kabla ya kuja hapa studio. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: "Mlango nitabadilisha. Lakini sheikh, mtoto wangu nimwambie nini usiku?"

Hilo, ndugu wasikilizaji, sikuwa na jibu lake la haraka. Nilimwambia leo usiku nitakuja kukaa naye barazani mpaka mtoto alale, na kesho atakuja mwengine. Wamekwisha kujiandikisha wanne. Aliye karibu na akawa na nafasi, kahawa ipo.

Nakutakieni wiki ya salama.